Vifungo Vinne

Mwaka wa arobaini na tatu, rafu za Esmailji
zilibaki na vumbi na bei za zamani.
Kopo la biskuti lilikaa juu, tupu, picha yake imegeuziwa watu
ili duka lisionekane uchi.
Sukari niliipima kwa kijiko cha chai
naye akisimama nyuma yangu, akihesabu chembe,
si kwa uchoyo; ni kumwogopa mkaguzi wa bei
aliyeingia kila Jumanne na daftari jeusi.
Mafuta ya taa: chupa moja kwa nyumba, ukiwa na kadi.
Kibiriti: njiti kumi, zimefungwa uzi.
Amerikani: hakuna.
Ukimuuliza lini, alinyoosha kidole upande wa bahari,
"Meli imezama." Kesho ukirudi, imezama tena.
Malindi nzima tukawa twajiuliza
meli moja huzama mara ngapi.

Siku tatu kabla ya Krismasi akaja Rebeka Umazi,
katoka Jilore kwa miguu tangu jogoo la kwanza,
pembe ya leso imefungwa fundo,
ndani ya fundo fedha, na barua ya mumewe.
Mwaringa alikuwa Bama. Wakubwa wa jeshi
walikuwa wameipitia barua kwa mkasi:
imebaki madirisha matatu, na chini yake
*mnunulie Nyevu gauni.*

Akaiweka juu ya mizani,
kana kwamba nitampimia.

Krismasi si sikukuu yangu,
lakini mama anayezunguka dukani na fedha haba
namjua; kwetu hutokea mwezi ishirini na tisa wa Ramadhani.
Alishika kioo cha mkono chenye ufa, akajitazama nusu, akakirudisha.
Akajaribu filimbi ya bati: ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa.
Akauliza peremende. Nikamfunulia chupa,
akainusa, akasema, "Ahsante, nimekula."

Ndipo akaviona. Vinne, vyekundu, kwenye kipande cha kadi
kilichofifia kwa jua la kabla ya vita.

"Vifungo!" Esmailji akatoa miwani. "Bila nguo?"
"Nguo huanzia popote," akasema Umazi.
"Wewe anzia kwenye bei."

Walibishana mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.
Senti hamsini, thelathini, ishirini na tano,
mambo ya watoto, mambo ya gharama, mambo ya Wajapani,
na mimi katikati nikigeuza shingo
kama kuku anayetazama watu wakila.

Zikawa ishirini.

Karatasi ya kufungia haikuwepo.
Esmailji akavuta daftari la madeni,
akalowesha kidole, akapekua, akapita kurasa nyingi
zilizokuwa karibu zaidi,
akachana mmoja. Sauti yake naikumbuka.
Akafunga vifungo, akakunja pembe kwa uangalifu wa sonara.

Umazi alisoma misheni. Alipopokea, alisoma.
Jina la Mwaringa, shilingi saba na thumni,
jembe, sufuria, mafuta, tarehe ya kabla hajaitwa.
Hakusema kitu. Alihesabu upya senti zake ishirini,
moja moja, akazipanga juu ya meza
kama mtu anayelipa zaidi ya hizo.
"Haya, nenda," Esmailji akafoka, "wazuia wateja."
Dukani hapakuwa na mtu.

Sikumwona Nyevu siku ya Krismasi.
Nilimwona Januari, katumwa chumvi,
kavaa gunia letu wenyewe, limefuliwa hata likalainika,
maandishi ya kiwanda kichwa chini mgongoni,
na kifuani, kwa mstari, vinne vyekundu
visivyofungua chochote, visivyofunga chochote.
Alisimama ameinua kidevu ili nivione.

Nikampimia chumvi. Nikazidisha kidogo.
Nyuma yangu Esmailji akakohoa,
akageuka kupangusa kopo la biskuti.